Suruali za Mwalimu

Hakuwa mwalimu wa darasani. Alifundisha watu kuendesha gari, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na moja akiwa ameketi kiti cha abiria, mguu wa kulia juu ya ile breki ya pili ambayo shule za udereva huifunga upande wa mwalimu. Waoga ndio waliokuwa wake. Mtu akishindikana kwa walimu wengine, akilia, akitetemeka, akikanyaga mafuta badala ya breki, mwenye shule alimpeleka kwa Mwalimu, na baada ya wiki tatu ungemwona anakata kona kama aliyezaliwa garini. Mwalimu hakuwa mtu wa kufoka. Mwanafunzi akizimisha gari katikati ya makutano, na huko nyuma honi zimepamba moto, yeye alisema tu, "Waache waimbe. Wewe washa gari."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao alikuwa amekigeuza karakana: cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, na kioo kilichopasuka kona moja ambacho wateja walijitazamia kwa kujipinda kidogo ili ufa usiwapite usoni. Humo ndimo walimokutana, nyumba ikiwa bado ya mkewe peke yake. Alikuja kijana mwembamba kama sindano kushonesha suruali mbili za kazi, akapimwa kiuno, ikasomeka inchi thelathini na mbili. Akazichukua baada ya wiki, akarudi kesho yake kudai mfuko mmoja una tundu, na tundu halikuwepo. Toka siku hiyo yeye alimwita Fundi na mkewe alimwita Mwalimu, na majina hayo hayakubadilika hata walipooana, hata walipompata binti yao wa pekee.

Unene haukuja kwa kishindo. Kazi ya Mwalimu ilikuwa ya kukaa. Alikaa toka asubuhi hadi jioni, kati ya mwanafunzi na mwanafunzi akanywa soda, na kila aliyefaulu mtihani alimletea keki au boksi la kuku wa kukaanga kama shukrani. Nyumbani nako mkono wa Fundi haukujua ubahili, wala wa chumvi wala wa mafuta. Majirani wakasema Mwalimu sasa ana mwili wa heshima, Mwalimu ametunzwa. Sifa hizo Fundi alizipokea kama zake, kwa sababu kweli zilikuwa zake; mwili ule ulikuwa cheti chake mbele ya watu.

Kisha ikaja siku ya mahafali ya binti yao, aliyekuwa anamaliza sekondari. Wazazi walipangiwa viti vya plastiki uwanjani. Mkuu wa shule alipokuwa anatoa hotuba, kiti cha Mwalimu kilipasuka mguu kwa mlio kama wa risasi, na Mwalimu akaenda chini na miguu juu, mbele ya wazazi mia tatu. Watu walicheka. Hata mkuu wa shule alicheka kwenye kipaza sauti. Mwalimu naye akacheka, akajikung'uta, akasema kiti hicho hakikupata leseni, na watu wakazidi kumpenda. Lakini Fundi alikuwa amemshika mkono kumwinua, akausikia ule mkono unavyotetemeka.

Nyumbani aliingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda na nguo zake za sherehe. Akauliza bila kumtazama mkewe, "Hivi kweli nimenenepa kiasi hicho?"

"Hujanenepa," Fundi akasema. "Viti vya siku hizi ni karatasi."

Kesho yake asubuhi, Mwalimu akiwa anaoga, Fundi aliiangalia suruali ya kazi iliyotundikwa mlangoni, akaona jinsi kifungo kilivyokuwa kinaning'inia kwa nyuzi mbili. Yeye ndiye aliyeishona, na kama fundi mzuri alikuwa ameacha inchi mbili za akiba kwenye mshono wa nyuma. Akaifumua, akaipanua inchi moja, akapiga mshono na kuipiga pasi kabla maji hayajafungwa bafuni. Mwalimu akaivaa, ikafunga bila kushindana. Akatoka anapiga mluzi. Fundi akabaki na uzi mkononi, moyo mweupe kabisa, akajiona amemfanyia mumewe jambo jema kuliko yote aliyowahi kumfanyia.

Ndivyo ilivyoanza, ikaendelea miaka tisa. Akiba ya mshono ilipokwisha, Fundi aliweka kipande cha pembetatu nyuma, chini ya vishikio vya mkanda ambako jicho halifiki. Kipande kilipozidiwa, alinunua kitambaa cha rangi ile ile, akakifua mara tatu na kukianika juani mpaka kikachakaa, akashona suruali mpya, akahamishia vifungo vya ile ya zamani pamoja na zipu yake iliyokwaruzika. Mashati aliyapanua ubavuni. Hata mkanda wa ngozi alimpelekea fundi viatu auunge kwa ndani. Ilikuwa kazi safi, pengine kazi safi kuliko zote zilizotoka katika mikono yake, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mwalimu alikuwa anajivunia. Wenzake kazini wakimtania tumbo, alijibu kwamba tumbo ni la mashati, suruali zake ni zile zile alizomshonea mkewe binti akiwa sekondari. Fundi akisikia maneno hayo aliinamisha kichwa juu ya cherehani.

Mwaka wa saba, walimu wote wa udereva walitakiwa kupimwa afya ili kibali cha kufundisha kihuishwe. Mwalimu akarudi jioni amekasirika. Akamweleza mkewe kwamba zahanati ile ina mizani mbovu, imempa kilo mia moja na kumi na nane, na yule tabibu mwenyewe kijana wa juzi alimfunga mkanda mkononi akasema presha iko mia moja na sabini kwa mia moja na tano. Alikuwa ameambiwa presha na uzito ni ndugu, apunguze mwili, apunguze chumvi, atembee, na ameze vidonge kila siku bila kukosa. Mwalimu alikuwa amebishana naye. Alimwambia kijana, mimi suruali hii nina miaka saba nayo, huo mwili umeongezekea wapi? Na yule kijana, kwa jinsi Mwalimu alivyosimulia, alikosa jibu.

Fundi alikuwa anakata kola. Mkasi ulisimama. Neno lilimjia mpaka kwenye meno, akaona ukingo wa kitanda, akamwona mumewe na nguo za sherehe. Akalimeza. Akasema tu, "Vidonge meza, lakini."

Vidonge alivimeza mwezi mmoja na nusu. Kichwa hakikumuuma, kifua hakikumbana, miguu haikumvimba. Akasema yeye haumwi, na mtu asiyeumwa kumeza dawa ni kuutafuta ugonjwa. Boksi likaenda nyuma ya redio, likakaa huko. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Ilikuwa ndani ya nyumba siku zote hizo, imekaa, imetulia. Kitu pekee ambacho Fundi alikisikia kilikuwa pumzi ya mumewe usingizini. Alikoroma, halafu kimya, kimya kirefu mpaka Fundi akajikuta na yeye amezuia pumzi, kisha Mwalimu akavuta hewa kwa nguvu kama mtu anayetoka majini. Hilo nalo hakulisema kwa mtu.

Aliyelisema jambo wazi ni wifi yake. Huyo alikuwa dada mkubwa wa Mwalimu, mjane, mcheshi, mwenye ulimi usio na pazia. Baba yao alianguka bafuni na kufa akiwa na miaka hamsini na miwili, na mwili wake ulikuwa kama huu wa Mwalimu, na tangu wifi alipokutwa na presha yeye mwenyewe, hakutaka mchezo. Alitembea kila asubuhi, chakula alikila bila chumvi huku akikilaani, akapungua kilo kumi na sita. Alikuja kukaa kwao wiki mbili, na siku ya kwanza tu akawainulia mikono yake yenye ngozi iliyolegea, akasema sasa inapepea kama bendera, upepo ukizidi ataruka. Kisha akamtazama ndugu yake, kicheko kikamwisha.

"Mdogo wangu, umekuwa baba mtupu," akasema.

Mwalimu akajibu kwa wimbo wake ule ule wa suruali.

Siku ya tatu wifi alikuwa anaanua nguo kwenye kamba uani. Fundi alimkuta amesimama na suruali ya Mwalimu, ameigeuza nje ndani, kidole chake kinapita juu ya mishono polepole.

"Wifi, mimi si fundi," akasema, "lakini macho ninayo. Hiki kipande kimetoka wapi?"

Fundi akanyoosha mkono kuichukua.

"Na hiki? Na huku je?" Wifi akaishusha suruali kwenye beseni. "Ulikuwa unamstiri."

"Nilikuwa namstiri, dada."

"Umemstiri mpaka daktari asimwone."

Fundi akakaa kwenye kigoda cha kufulia. Akamweleza habari ya kiti, ya kicheko cha kwenye kipaza sauti, ya mkono uliotetemeka. Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza, aliketi chini naye, juu ya saruji yenye maji, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba baba yao pia walimstiri. Mama alikuwa anamwambia yuko sawa, kila siku yuko sawa, mpaka siku walipouvunja mlango wa bafu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akamwomba Fundi amwambie mumewe, amwambie yeye mwenyewe.

"Nikisema mimi, ni dada mwenye maneno," akasema. "Ukisema wewe ataamini. Hesabu ya kiuno chake unayo wewe peke yako."

Fundi akaahidi kumwambia Jumapili, akiwa amepumzika. Wifi akaondoka Jumamosi ili awaachie nafasi. Jumapili ikafika, na Mwalimu akaamka na furaha, maana wanafunzi wake watano walikuwa wamefaulu kwa mkupuo, na binti yao alipiga simu kutoka mji anakofanya kazi kusema amepandishwa cheo kwenye ofisi ya maji. Baba na binti walicheka kwenye simu nusu saa nzima. Fundi akasimama mlangoni na kitambaa cha kupangusia mikono, akaona si haki kumvunjia mtu siku kama hiyo. Akasema moyoni, Jumapili ijayo.

Alhamisi, yapata saa nne asubuhi, Mwalimu alikuwa garini na mama mmoja muuza vyombo, mwoga kuliko waoga wote, ambaye kwa wiki tano alikuwa hajaweza kurudi kinyumenyume bila kugonga pipa. Mama huyo ndiye aliyemsimulia Fundi baadaye. Mwalimu alimwambia akunje kushoto, lakini neno lilitoka limepinda, kama mtu anayeongea na pipi mdomoni. Akadhani ni utani. Akamwona mkono wake unateleza kutoka pajani na kuning'inia, mdomo umekwenda upande. Mguu wake ukakanyaga ile breki ya pili, gari likasimama katikati ya barabara, honi zikaanza. Mama akausogeza mguu ule kwa mkono wake mwenyewe, akawasha gari, akaendesha hadi hospitali bila kuzima hata mara moja. Alisema hajui ni nani aliyeendesha.

Fundi alifika na sindano tatu zimechomekwa kifuani kwenye gauni lake, hakukumbuka kuzitoa. Mumewe alikuwa ndani. Muuguzi alimkabidhi mfuko wa plastiki wenye viatu, saa na suruali. Walikuwa wameikata ili waivue haraka. Mkasi ulipita kutoka kiunoni hadi gotini, ukavipasua vipande vyake vyote, kile cha pembetatu, kile cha pili, na kile cha mwaka juzi, vikawa wazi kwa yeyote mwenye kutaka kutazama. Alikaa kwenye benchi na mfuko ule mapajani. Hakulia. Alikuwa anaukunja na kuukunjua mdomo wa mfuko.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani, alimweleza bila kumficha. Ni kiharusi. Presha alipofikishwa ilikuwa mia mbili na thelathini kwa mia moja na thelathini. Upande wa kulia umelala. Akaulizwa habari ya dawa, akasema ziko nyuma ya redio.

Akauliza kama ni unene. Daktari akasema unene ni mzigo. Moyo wa mtu mnene unasukuma damu nyingi zaidi kwenye mwili mkubwa zaidi, na mishipa inabanwa mchana na usiku, hata usingizini pumzi inakatika na presha inapanda. Akasema kuna urithi pia, kuna chumvi, kuna dawa zilizoachwa. Si jambo moja.

"Kama angepungua?" Fundi akauliza.

"Mara nyingi kilo zikipungua, presha nayo hushuka kidogo. Hata kilo tano zina faida."

"Mimi nilikuwa napanua nguo zake. Asijue."

Daktari akavua miwani. "Mama, nguo haileti presha," akasema kwa upole, akaitwa chumba kingine. Alisema kwa wema. Lakini waliosema kikulacho ki nguoni mwako ni kama walikuwa wamemwona Fundi siku ile, na mfuko wake.

Mwalimu hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, mguu wa kulia ukiburuta, mkono umekunjika, maneno yanakuja moja moja. Wifi akahamia kwao. Wawili hao wakagawana kazi: mmoja kuogesha, mmoja kulisha, uji usio na sukari na mboga zisizo na chumvi ambazo Mwalimu alizitazama kama adui. Dawa sasa zilipangwa kwenye sahani juu ya meza, na Fundi alisimama mpaka aone zimeshuka kooni. Mwili ukaanza kukatika. Mwezi wa kwanza kilo saba, wa pili kilo tano.

Asubuhi moja mwezi wa tatu, Fundi alikuwa anamvika ili wampeleke kliniki. Alimwinua kutoka kitini, akamvuta suruali hadi kiunoni, akaenda kuchukua mkanda, na suruali ikaanguka hadi miguuni. Mwalimu akaitazama pale chini. Midomo yake ilihangaika muda mrefu.

"Nimekwisha," akasema.

Fundi akainama kuipandisha, akamwambia si kitu.

"Miaka tisa, suruali ile ile," Mwalimu akasema. "Sikuongezeka. Sasa… imeanguka. Nimebaki mifupa. Ninakufa, na nyinyi… hamniambii."

Alikuwa analia, jicho moja likitoa machozi na la pili limekauka. Na hapo Fundi akaelewa kwamba uongo wake ulikuwa bado unafanya kazi. Ulikuwa umegeuka upande wa pili na sasa unamtisha mgonjwa kwa kifo ambacho hakijafika. Akamkalisha. Akakaa sakafuni mbele ya magoti yake, suruali imelala kati yao, akaigeuza nje ndani, akamwonyesha. Alimwonyesha mshono baada ya mshono, akataja mwaka wa kila kipande. Akamwambia alioa mke akiwa inchi thelathini na mbili, na siku alipoanguka garini alikuwa hamsini na moja. Akamwambia habari ya vifungo vilivyohamishwa, ya kitambaa kilichofuliwa mara tatu, ya mkanda ulioungwa. Alisema yote, hata yale ambayo hakuulizwa.

Mwalimu akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni.

"Toka," akasema.

Siku nne hakutaka aguswe na mkewe. Wifi ndiye aliyemvika na kumlisha, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Fundi alikaa karakana. Wateja waliingia na kutoka, akawapima, akawakatia, na jioni hakukumbuka uso hata mmoja. Hasira ya Mwalimu hakuiona kuwa kubwa mno. Alichokiogopa ni hasira hiyo kuwa ndogo kuliko kosa lake.

Siku ya tano alimsikia anaita. Si "Fundi", alimwita "mama." Akaenda akasimama mlangoni. Mwalimu alikuwa ameketi dirishani na alikuwa ameyaandaa maneno yake, ungejua kwa jinsi yalivyotoka kwa mpangilio, polepole, kila moja likisubiri lenzake.

"Ungeniambia, ningenuna," akasema. "Wiki nzima. Ningesema umenidharau. Halafu ningetembea."

"Najua."

"Hujui. Mimi nafundisha waoga. Kazi yangu ni kuwaambia watu… mtu akiambiwa ukweli taratibu, anaweza. Mimi hukunipa hata nafasi ya kuweza."

Fundi akasogea akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Walikaa hivyo, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka wifi alipoleta chai na kuiweka katikati bila neno.

Mwalimu akasema, "Nipime."

Fundi akaenda akaleta tepu. Akaizungusha kiunoni mwa mumewe, akasoma kwa sauti: inchi arobaini na tatu na nusu. Mwalimu akairudia namba ile midomoni. Akasema kila Jumamosi asubuhi anataka kusikia namba yake, iwe imepanda au imeshuka, na asipunguziwe hata nusu.

Hawakurudi kuwa kama zamani. Kulikuwa na kitu kilichokuwa kimeondoka kati yao, ile hali ya Mwalimu kuvaa chochote alichopewa bila kutazama. Sasa aliangalia. Alikagua kola, alikagua pindo, akiulizwa kama chai ina sukari ya kutosha alionja kwanza kisha akajibu. Lakini alitembea. Kwanza hadi mlangoni, kisha hadi getini, kisha kwa fimbo hadi duka la pili mtaani, Fundi ubavuni pake, na watu waliomjua walisimama kumsalimia na wengine walijifanya kuangalia simu. Kliniki presha ilisomeka mia moja na arobaini kwa tisini. Wifi akarudi kwake akiimba. Ilikuwa miezi saba, na baadhi ya siku zake zilikuwa nzuri kweli. Kuna Jumamosi moja namba ilisomeka thelathini na tisa, Mwalimu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema akiendelea hivi atarudi kumchumbia tena, na safari hii ataleta mfuko wenye tundu la kweli.

Lakini mishipa ilikuwa imechoka. Daktari ndivyo alivyosema: presha ya miaka mingi huacha alama ambazo kushuka kwake hakuzifuti. Jumanne moja asubuhi, baada ya chai, Mwalimu aliinama kufunga kamba ya kiatu kwa mkono wake mmoja, jambo alilokuwa amejifunza na kulionea fahari, na hakuinuka. Fundi alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alimwita Mwalimu, Mwalimu, kisha akamwita kwa jina lake halisi, ambalo hakuwa amelitaja tangu siku ya ndoa.

Mazishini walikuja wanafunzi wengi mno, wengine wamezeeka, wakaegesha magari yao mtaa mzima kwa mstari ulionyooka. Binti yao alikaa wiki mbili na mama yake kisha akarudi kazini. Wifi, ambaye siri haikuwahi kukaa tumboni mwake, alikuwa amemweleza binti yote uani siku ya kuondoka, na binti akapanda basi bila kumwambia mama yake kitu.

Alipiga simu jioni ya Ijumaa. Fundi alikuwa ameketi karakana, cherehani imefunikwa, mchana kutwa hakuwa amekata hata kitambaa kimoja. Binti aliuliza kuhusu majirani, kuhusu mvua, kuhusu bomba linalovuja. Kisha akauliza kama ni kweli alivyosema shangazi.

"Ni kweli," Fundi akasema.

"Miaka yote hiyo?"

"Yote. Tangu mahafali yako."

Fundi alisikia gari likipita upande wa pili wa simu, mtoto wa mtu akiita, mlango ukifungwa. Hakujitetea. Alikuwa tayari kwa lolote, hata simu kukatwa, na kwa kweli alikuwa anasubiri ikatwe.

"Mama," binti akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Sina la kusema leo. Nimekasirika, sijui nimekasirikia nani. Nitakuja mwisho wa mwezi tuongee."

"Njoo."

"Umekula?"

"Bado."

"Toka asubuhi?"

"Toka asubuhi," Fundi akasema.

"Basi nenda jikoni ubandike sufuria," binti akasema. "Simu usikate. Nitasubiri hapa hapa mpaka nikusikie unakula."

Akainuka, mgongo ukimuuma, simu imebanwa begani, akaenda kutafuta kiberiti.